Barua ya Mtu Mmoja

“Usiniambie ‘Mama Gift nisikilize’! Nikusikilize nini tena, wakati dunia nzima inakusikiliza wewe kila Ijumaa?”

“Mama Gift, sikutaja jina. Wallahi sikutaja jina!”

“Gwe Shamimu! Hukutaja jina, ukataja maandazi! Ukataja mkono wa kushoto! Ukataja na wimbo anaoimba akikanda unga! Sasa jina la nini tena? Ungebandika na picha kabisa tumalizane!”

Sajini Rehana alizima pikipiki akaiegemeza ukutani. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, na ukungu wa Bulyaga, mjini Tukuyu, ulikuwa bado umelala juu ya mabati. Upande huu wa uzio alisimama Bupe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Gift, kanga imekazwa kiunoni. Upande wa pili alisimama Shamimu, fundi cherehani na muuza vitenge, ushungi umemtelemka mabegani. Katikati yao watu kama kumi na wawili walikuwa wameshajipanga. Huyu amekuja kuomba chumvi, yule anatafuta kuku wake, na wengine hawakujisumbua hata kutafuta sababu.

“Mmepiga simu kituoni kwamba kuna mtu ameacha kitu mlangoni,” Rehana alisema. “Kitu gani?”

Mama Gift akanyoosha kidole bila kutazama kule kidole kilikoelekea.

Juu ya ngazi ya mlango wake kulikuwa na sandali moja ya kike, ya ngozi ya kahawia, ya mguu wa kulia. Ilikuwa imeoshwa. Mvua ilinyesha hadi alfajiri, njia yote ilikuwa matope mekundu, lakini sandali ile haikuwa na hata doa. Mtu aliiosha, akaikausha, akaiweka katikati ya ngazi, ncha yake ikielekea ndani ya nyumba.

Rehana akachuchumaa. Kwenye mkanda wa kisigino palikuwa na mshono wa uzi wa bluu. Sandali ya kushoto, yenye uzi huohuo, ilikuwa stoo ya vielelezo kituoni, na kikaratasi chake alikiandika yeye mwenyewe miezi minne iliyopita. Siku hiyo Lusungu, mpwa wa Mama Gift, alishuka kwenye basi kutoka Morogoro akiwa amevaa kiatu kimoja, taya limevunjwa, akapelekwa moja kwa moja hospitalini Makandana. Kiatu cha pili kilibaki uani kwa mumewe, mtu anayeitwa Ezron. Jalada lilifunguliwa, Ezron akatafutwa, Ezron hakuonekana. Na leo kiatu kimefika chenyewe.

“Nani amekigusa?”

“Nani akiguse?” alisema Mama Gift. “Nimefungua mlango saa kumi na mbili, nikakiona, nikafunga. Nimetokea mlango wa jikoni.”

“Lusungu yuko wapi?”

“Chini ya kitanda. Hatoki, hasemi, chai imepoa. Afande, mimi nimeshaita gari la Noah. Inakuja sasa hivi impeleke Mbeya, na kutoka huko ataenda popote, hata Zambia.”

Rehana alivaa glavu, akapiga picha tatu, akaitia sandali kwenye mfuko. Kisha akatazama uzio, geti la bati la kijani, na madirisha mawili ya mbele.

“Jana usiku mlilala wangapi humu ndani?”

“Tisa. Kumi na mmoja ukihesabu waliolala sebuleni. Nyumba yangu wewe huijui? Haijawahi kuwa na kitanda kitupu.”

“Basi rudisha Noah.”

“Afande!”

“Mama, fikiri. Mtu huyu alifika hadi kwenye ngazi. Angetaka kugonga angegonga. Hakuthubutu, kwa sababu humu mmejaa. Ameacha kiatu ili mwenye kiatu atoke mbio. Na mtu akitoka Tukuyu mbio anapita wapi?”

Mama Gift akageuka kuitazama barabara.

“Stendi,” alisema Shamimu kutoka upande wa pili wa uzio, kwa sauti ndogo.

“Stendi. Na wewe,” Rehana akamgeukia, “nipeleke kwenye hiyo kompyuta unayoandikia barua yako ya Ijumaa.”

*

Duka la Shamimu lilikuwa chumba kimoja: vitenge hadi darini, cherehani mbili, na kwenye kona meza yenye kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya bibi. Koplo Vicent, aliyetumwa kutoka kituoni, alimchukua Lusungu, aliyejitanda blanketi kichwani kama mgonjwa, kwa mlango wa nyuma, akampeleka kituoni kwa bajaji. Mama Gift aliwafuata Rehana na Shamimu hadi dukani, ila alikataa kuvuka kizingiti. Alikaa pale mlangoni kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo umewaelekea.

“Siingii kwa mtu aliyeniuza,” alitangaza. “Lakini masikio yangu yako humo.”

“Nieleze kama vile sijui chochote,” Rehana alimwambia Shamimu. “Hii barua ni kitu gani?”

Ilikuwa barua pepe ya kila Ijumaa, saa saba na nusu mchana, akitoka kuswali. Shamimu aliianza kwa wenzake kumi na mmoja aliosoma nao, waliotawanyika Dar, Mwanza na Maskati, wakilalamika kwamba hawajui tena nyumbani kunaendaje. Akawaandikia: parachichi zimezaa hadi matawi yanavunjika, fulani amepaua, fulani amegombana na fulani kwa ajili ya mbuzi. Wakawapelekea wenzao. Sasa walikuwa elfu moja mia nane na sitini.

“Na wote wanaisoma?”

“Saba kati ya kumi wanafungua kila wiki. Afande, kuna makampuni yana wasomaji laki moja na barua zao hazifunguliwi na hata wawili kati ya kumi.” Mwanga ulimpita usoni, ukazimika. “Siri yake ni kwamba siandikii watu. Namwandikia mtu mmoja. Kila nikikaa hapa namfikiria mtu mmoja yuko mbali, kachoka, anataka kusikia sauti ya mtaani kwao. Sikosi siku, sikosi saa. Na mwisho nauliza swali. Wakijibu, namjibu kila mmoja. Kila mmoja, afande. Hata wakiwa mia tatu.”

“Kila mmoja,” alirudia Mama Gift kule mlangoni. “Sikieni majivuno.”

“Wiki tatu zilizopita uliandika habari za Lusungu.”

“Niliandika ‘mgeni wetu wa mtaani’. Maandazi yake ya ndizi, anakanda kwa mkono wa kushoto, anaimba sauti ya pili peke yake, kama vile sauti ya kwanza iko chumba cha jirani. Nilimpenda tu, afande. Watu waliipenda. Ndiyo barua iliyojibiwa kuliko zote.”

“Hiyo kompyuta inaonyesha nani kafungua mara ngapi?”

Inaonyesha. Rehana alivuta kigoda. Kwanza aliomba majina yote yaliyojiandikisha baada ya siku ile Lusungu aliyoshuka kwenye basi: tisini na sita. Halafu akaomba wale tu walioifungua barua ya maandazi zaidi ya mara kumi. Shamimu akabonyeza. Orodha ikajikunja, ikabaki na majina mawili.

Boazi, Dar es Salaam: mara arobaini na tatu.

Mzee Ambindwile, Morogoro: mara ishirini na tisa.

Morogoro ilikuwa pale inang’aa kwenye kioo, lakini arobaini na tatu ni arobaini na tatu, na jalada haliruki hatua. Boazi aliwahi kuacha namba yake ya simu kwenye barua. Rehana akaipiga, akaiweka sauti juu.

“Haloo! Nani mwenzangu?” Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma.

“Sajini Rehana, polisi Tukuyu. Barua ya Ijumaa ya maandazi umeifungua mara arobaini na tatu. Kwa nini?”

“Polisi? Yesu wangu! Afande, mimi kinyozi! Simu ni ya saluni, iko kwenye benchi, kila mteja akikaa anaisoma. Sisi hapa wote ni wa huko, wengine Kyela. Muulize huyu. Jairo, ongea na polisi!”

“Shikamoo afande,” ilisema sauti nyingine, ya mtu aliyenyolewa nusu. “Ni kweli. Na mwambieni dada Shamimu wiki ile hakutumalizia ule ugomvi wa mbuzi.”

“Afande, na Mama Gift ni mtu kweli au ametungwa?” Boazi aliingilia. “Sisi huku tuna ubishi.”

“Ametungwa na mama yako!” Mama Gift alipiga kelele kutoka kwenye ndoo, na benchi zima la saluni likaangua kicheko. Rehana akakata simu.

“Amebaki mmoja,” alisema.

“Hapana, afande.” Shamimu alikuwa anatikisa kichwa. “Huyo hapana. Huyo ni kama babu yangu kabisa. Ana miaka themanini na miwili, ni mzaliwa wa hapa Nkunga, mzee wa kanisa, anaishi Morogoro kwa mwanawe. Ndiye anayejibu wa kwanza kila Ijumaa. Nusu saa haipiti. Wiki niliyougua, ni yeye peke yake aliyeuliza nimekula nini.”

“Nisomee.”

Shamimu akafungua barua za Mzee Ambindwile moja baada ya nyingine. Zilikuwa nzuri, huwezi kukataa. Aliulizia mvua. Aliulizia migomba kama bado inaangushwa na upepo. Aliomba dua kwa wagonjwa wa mtaa.

“‘Jana, mjukuu wangu,’” Shamimu alisoma, “‘nilikukumbuka sana. Mkamwana wangu alinipakulia chakula, tukala sahani moja mimi na yeye, tukataniana hadi machozi yakatutoka. Nikamwambia, hivi ndivyo tulivyolelewa kule kwetu Nkunga...’”

“Soma tena hapo.”

Mama Gift alikuwa amesimama. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya kizingiti na hakuwa na habari nao.

“‘Mkamwana wangu alinipakulia, tukala sahani moja...’”

“Mnyakyusa? Wa miaka themanini? Sahani moja na mke wa mwanawe?” Aliuliza polepole, kama mtu anayejaribu sarafu kwa meno. “Afande, wewe ni mtu wa Kondoa, na huyu babu zake walitoka Pwani, hamuwezi kujua. Mimi baba mkwe wangu nilikaa naye kijiji kimoja miaka kumi na minane. Sikuwahi kumtazama usoni. Nikimsikia anakohoa njiani, naingia migombani na ndoo yangu ya maji kichwani, napita kule kwenye upupu. Yeye naye anageuka. Ndiyo heshima. Siku anakufa ndiyo nilimwona pua yake.”

“Siku hizi watu wamelegeza, mama,” Rehana alisema. “Wa mjini hasa.”

“Wamelegeza, sawa. Kijana wa saluni, sawa. Lakini mzee wa umri huo, akifanya hivyo, atajisifu kwa barua? Aseme ndivyo tulivyolelewa Nkunga? Labda Nkunga ya mwezini! Huyo si wa kwetu. Huyo amesikia kwamba sisi tunapenda ndugu zetu, mengine amejijazia.”

Rehana alipiga simu kituoni, akamwomba Koplo Vicent ampe Lusungu. Sauti iliyokuja ilikuwa imekwaruzika.

“Dada, swali moja tu. Ezron alikuwa anajua mila za kwenu, za mkamwana na baba mkwe?”

“Hakuzitaka kuzisikia, afande. Siku tuliyomtembelea baba yangu, mke wa kaka alikimbilia nyuma ya nyumba. Ezron alisema ni mwizi, akataka kumfukuza.”

Rehana akaandika, akapigia mstari. “Shamimu. Huyu mzee aliwahi kukuuliza habari za mgeni?”

Shamimu alikuwa tayari ameifungua barua hiyo, na mikono ameiondoa kwenye kompyuta kana kwamba imemuunguza. Rehana akajisomea mwenyewe. Mzee Ambindwile alisema kuna kijana wake anapita Tukuyu, angependa amnunulie maandazi yale, aelekee wapi? Chini yake, jibu la Shamimu, la Jumamosi iliyopita: *Babu yangu, si mbali na msikiti, geti la bati la kijani, kwa Mama Gift. Aseme ametumwa na wewe, watampokea kama mwana.*

Mama Gift naye akasogea, akasoma taratibu, midomo ikitembea.

“Kila mmoja namjibu,” alinong’ona Shamimu. “Kila mmoja.”

“Na leo asubuhi?” Rehana aliuliza. “Amefungua chochote?”

Saa kumi na mbili na dakika ishirini alikuwa ameirudia ile ya maandazi. Barua zote za nyuma mashine iliandika Morogoro. Hii ya leo iliandika Mbeya. “Mashine kila mtu wa huku inamwandika Mbeya,” Shamimu alisema. “Hata mimi.”

*

“Ijumaa ni leo,” alisema Rehana. “Anasubiri barua. Tutamwandikia. Unaweza kuituma kwa mtu mmoja tu?”

“Naweza.”

“Andika. ‘Wakazi wa nyumba husika wameelekea Nkunga kwa ajili ya mazishi, na mgeni amebaki peke yake nyumbani.’”

Shamimu alimtazama. “Afande, hiyo ni barua au hati ya mashtaka? Huyu mtu kanisoma miezi minne. Ananijua kuliko mume wangu. Akiona ‘nyumba husika’ atapanda basi la kwanza, na mwakani atarudi na jina jingine.” Akafuta machozi kwa ncha ya ushungi, akavuta kompyuta. “Jambo kubwa huliweki mbele. Unaliweka katikati, kama umeliangusha bahati mbaya.”

Akaandika kwa sauti yake ileile ya kila Ijumaa:

*Habari yako wewe uliye mbali. Leo ukungu umekataa kuondoka, nimeshona pindo moja mara mbili. Mtaa wote unahamia Nkunga msibani. Hata Mama Gift, ambaye nadhani unamsikia hadi huko uliko, amefunga nyumba kwenda kulia na wenzake. Na mimi nafuata na gari la saa nane. Anabaki mpishi wetu wa maandazi tu, hajisikii vizuri tangu asubuhi, hataki kuona watu. Nimemwambia ajifungie chumbani. Swali langu la leo: kwenu wote wakienda msibani, nani alikuwa anaachwa kulinda nyumba?*

Msiba wa Nkunga ulikuwepo kweli, na nusu ya mtaa walikuwa wameshavaa. Kazi ilikuwa ile nusu ya pili. Kuwaambia watu wa Bulyaga wajifungie ndani na wasichungulie ni kazi kubwa kuliko kumkamata mtu, na Rehana alipita mlango kwa mlango akitishia mahabusu. Saa saba na nusu Shamimu akabonyeza.

Dakika mbili. *Imefunguliwa.* Dakika tano: mara ya pili. Dakika tisa: mara ya nne.

Nusu saa ikapita. Shamimu aliitazama sehemu ya majibu, tupu kabisa.

“Hajajibu,” alisema. “Tangu nimjue hajawahi kutojibu.”

“Kwa sababu yuko njiani,” alisema Rehana, akanyanyuka.

*

Mpango ulikuwa hivi. Koplo Vicent migombani nyuma ya choo. Rehana sebuleni kwa Mama Gift, nyuma ya pazia la chumbani, simu imeunganishwa na kituoni, kifaa cha kusikilizia sikioni. Upande wa pili wa simu Lusungu anasikiliza, maana ni yeye peke yake anayeijua sauti. Mlango umerudishwa bila kufungwa. Nje mtu ana njia nne za kukimbilia, zote migomba. Ndani, ule wa jikoni ukizibwa, ana mlango mmoja. Asiguswe hadi awe ndani. Mama Gift alitakiwa awe Nkunga. Mama Gift alisema nyumba ni yake, akakaa jikoni.

Saa nane na dakika kumi geti la bati lililia, taratibu, kama linafunguliwa na mtu anayelibembeleza. Hatua zikaja kwenye kokoto. Zikasimama.

“Hodi humu ndani.”

Sauti ya upole, ya mtu mwenye adabu zake. Sikioni, pumzi ya Lusungu ilikatika. Rehana alihesabu hadi nne kabla haijarudi.

“Ni yeye,” alinong’ona Lusungu. “Afande, ni yeye, ni yeye.”

“Hodi tena. Wenyewe mpo?”

Kupitia ufa wa pazia Rehana alimwona: mwanamume mrefu, koti la mvua, viatu safi. Mkono wa kushoto umeshika mlango. Wa kulia uko ndani ya koti, na hautoki. Hakuwa anaingia. Alikuwa anasikiliza nyumba, kichwa ameinamisha, na nyumba ilikuwa kimya kuliko nyumba yenye mtu mgonjwa. Akarudi nyuma nusu hatua. Macho yakaenda kwenye geti.

Rehana akafungua kishikizo cha mfuko wa bastola. Hatua tano hadi mlangoni. Yule mtu, mbili tu hadi migombani.

Ndipo Mama Gift alipotoka jikoni, mwiko mkononi, akipita mbele ya pazia kana kwamba Rehana ni kabati.

Yule mtu alishtuka. Alitegemea Lusungu. Lakini aliukunjua uso upesi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba.”

“Nilidhani mmekwenda msibani. Mimi nimetumwa na Mzee Ambindwile, wa Nkunga. Nimeambiwa kuna maandazi.”

Mwiko ulikuwa unadondosha mchuzi sakafuni. Mama Gift aliutazama mkono uliokuwa ndani ya koti, kisha akampandishia macho hadi usoni, na akasimama akiuziba mlango wa jikoni kwa mwili wake wote.

“Ambindwile!” alisema, na sauti ikatoka ileile inayosikika hadi Mwanza. “Kumbe ni mtu wa nyumbani! Sasa unasimama nje kama mdai kodi? Maandazi yatakuja, ndizi ndiyo kwanza nimeziepua. Ingia, baba, ingia ndani ule.”